Mimba ya wiki 22: darasa la wajawazito la laki mbili na nusu, au benchi la kliniki linatosha?

#1 Nuru_wa_Goba
Wakuu, habari za jioni.

Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 22. Nataka kujifunza mambo ya uzazi kabla siku hazijafika, na kila mtu ananivutia kwake.

Hospitali moja binafsi ina darasa la Jumamosi. Vipindi vinne, 250,000, unaruhusiwa kuja na mwenzako, kuna magodoro na ile mipira mikubwa ya kukalia. Halafu kuna kundi la wasap la dada anayejiita mkunga, 30,000, anatuma sauti saa nne usiku. Mwisho ni benchi la kliniki yetu ya serikali, bure, ila uwe umefika saa moja na nusu asubuhi. Siku niliyowahi, nesi aliongea dakika ishirini huku watoto wa chanjo wanalia upande wa pili wa ukuta. Nilitoka na neno moja tu: mchicha.

Mama mkwe anasema yote hayo upuuzi, atamleta somo, yaani mama wa kunifunda, kutoka Pangani.

Sasa mwili wenyewe. Kichefuchefu kilipoisha mwezi wa nne nikadhani nimeshavuka. Kumbe. Mstari mweusi umeshuka kutoka kitovuni, mashavu yana mabaka kama nimepakwa masizi, nikiinuka ghafla kuna kitu kinanivuta nyonga ya kulia kama uzi uliokwama kwenye cherehani. Usiku kigimbi kinakaza naamka napiga kelele, mume anadhani kaingia mwizi. Na juzi nimelia kwa sababu muuza maandazi alikuwa amemaliza. Nililia hadi akaniuliza kama nimefiwa.

Nichague darasa lipi? Na haya mabadiliko, yapi ni kawaida na yapi nikimbilie hospitali?

#2 Ngoja_Waje
Siti ya mbele, karanga mkononi.

#3 MamaPacha_Tabata
Hongera dada. Mimi nililipia darasa la aina hiyo miaka mitano iliyopita, kwa hiyo naongea kwa risiti. Wakufunzi wazuri, mazingira masafi, chai na sambusa. Ila katika vipindi vinne, vitatu na nusu vilikuwa vya kupumua na kukalia mpira. Upasuaji waligusia dakika tano za mwisho watu wakiwa wanatafuta viatu.

Nikapasuliwa. Sikujua kuwa nitawekewa mpira wa mkojo, sikujua nitakohoa nimeshika mto tumboni, sikujua maziwa yanaweza kuchelewa. Kupumua nilikojifunza nilikutumia kwenye foleni ya malipo.

Kabla hujatoa hela waulize: mnafundisha upasuaji? Mnafundisha kunyonyesha? Nani anafundisha, mkunga mwenye leseni au mtu wa mazoezi?

#4 Kichwa_Ngumu
Bibi zetu walizaa kumi bila darasa wala mpira wa kukalia. Mnatafuta pa kupeleka hela.

#5 Mjukuu_wa_Mkunga
#4 bibi yako alikuwa na darasa, wewe ndiye hukualikwa. Huko Pwani msichana alikuwa na somo wake tangu anavunja ungo, bara kuna makungwi. Alifundishwa miezi, si Jumamosi nne.

Na hao kumi, umewahi kumuuliza bibi alizika wangapi? Bibi yangu mimi alikuwa mkunga wa jadi, akizalisha kijiji kizima. Mwenyewe alizaa tisa, tukamjua na watoto sita. Hakuwa anapenda kuulizwa.

#6 NesiMstaafu_Moro
Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto na leba kwa miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nitajibu ninayoyaweza bila kukuona.

Mstari: kawaida. Ulikuwepo tangu zamani, mweupe, sasa homoni zimeuweka rangi. Utafifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Mabaka ya usoni ni ndugu wa huo mstari, jua linayaongeza, kwa hiyo kofia au mtandio. Usipake krimu za kung'arisha, nyingine zina zebaki.

Kuvutwa nyonga: kizazi kimeshikiliwa na kano kila upande, kinapokua zinavutika. Ukiinuka ghafla au ukipiga chafya unazisikia, na upande wa kulia ndio hulalamika zaidi. Geuka ubavu kwanza, tanguliza mikono, ndipo uinuke. Lakini yakiwa maumivu ya kuja na kuondoka kwa mpangilio, au yana homa, damu, au mkojo unaowasha, hiyo si kano. Nenda.

Kulia: kulie tu. Ila ukilia kila siku wiki mbili mfululizo, hulali hata ukiwa huru kulala na hutaki kuona mtu, mwambie nesi. Hilo nalo ni ugonjwa na lina tiba.

Mtoto kucheza: mimba ya kwanza wengi huanza kusikia wiki ya 18 hadi 20, wengine wanachelewa, hasa kondo la nyuma likikaa mbele, linakuwa kama godoro katikati. Ikifika wiki ya 24 hujasikia kitu, usisubiri tarehe ya kadi.

Nakuuliza na mimi: kliniki umeenda mara ngapi? Umepima wingi wa damu? Presha yako ilikuwa ngapi?

#7 Dogo_Sinza
Nesi, kliniki si mara nne? Shangazi yangu alienda mara nne akawa mshindi.

#8 NesiMstaafu_Moro
#7 mara nne ilikuwa hesabu ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwaka 2016, sasa wanapendekeza mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Waliona kwamba ule mwanya mrefu wa miezi ya mwisho ndipo mambo yanapoharibikia.

#9 Nuru_wa_Goba
Asante nesi. Nimeenda mara mbili. Damu 10.8, presha 112 kwa 70. Nina vidonge vyekundu, nilimeza na vile vitatu vya malaria, sindano ya pepopunda moja. Altrasaundi bado.

#10 NesiMstaafu_Moro
Presha nzuri. Damu iko chini kidogo, tungependa 11. Vidonge vyekundu unameza na nini? Kama ni chai, acha. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie. Meza na maji uliyokamulia ndimu au ukila chungwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Altrasaundi nenda sasa, kabla ya wiki ya 24. Na ile SP ya malaria utarudia kila baada ya mwezi, angalau ufikishe mara tatu.

#11 Mama_Shamsa
Mbona mimi nilitaka kupewa hiyo SP mimba ya wiki kumi wakakataa? Nililalamika kweli.

#12 NesiMstaafu_Moro
#11 walifanya sawa. Haitolewi miezi mitatu ya kwanza, inaanza wiki ya 13. Na mama anayetumia Septrini kila siku haipewi kabisa. Ndiyo maana tunakumezesha palepale, si kubeba nyumbani ukampe jirani.

#13 Binti_Pangani
Nimeona Pangani imetajwa nikaacha vyombo.

Dada Nuru, somo usimkatae mbele ya mama mkwe, utajitafutia kesi ya bure. Somo mzuri atakufundisha mambo ambayo hakuna hospitali itakuambia: kujikanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua, uji wa pilipili manga, namna ya kujifunga kanga tumboni, namna ya kukaa arobaini bila kugombana na wifi. Wangu alinifundisha hadi kumnyamazisha mtoto kwa kumlaza juu ya mkono, tumbo chini. Mpaka leo nawafundisha wenzangu.

Ila kuna jambo moja mkatalie kwa adabu. Wengine wanataka kulikanda tumbo lenye mimba, eti kumnyoosha mtoto alale vizuri. Hapo sema "daktari kanikataza". Ukimtaja daktari hakasiriki, ukisema hutaki wewe atakasirika.

#14 Kichwa_Ngumu
Kwa hiyo somo bure, benchi bure, na bado mnataka kulipa laki mbili na nusu. Mimi nipo pale.

#15 MamaPacha_Tabata
Somo bure? #14 wewe hujaoa. Mwulize Binti Pangani somo anaondoka na doti ngapi za kanga.

#16 Binti_Pangani
😂 Doti mbili, sukari kilo tano, nauli na "asante ya mkono". Ukijumlisha, nusu ya darasa la hospitali. Lakini anakaa wiki, na anafua.

#17 Mtabiri_Mwandamizi
Mmeruka swali la msingi. Huo mstari umeishia kitovuni au umepita? Ukipita kitovu kwenda juu, kidume.

#18 Mama_Shamsa
Wangu ulipita hadi chini ya matiti. Shamsa huyu hapa anachora ukutani.

#19 Mtabiri_Mwandamizi
#18 inategemea pia na tumbo limechongoka au limetandaa. Hukutoa taarifa kamili.

#20 Dogo_Sinza
Kwetu wanasema mama akiwa mbaya usoni ni mtoto wa kike, anaiba uzuri wa mama. Mabaka = binti. Hapo mstari unasema kiume na mashavu yanasema kike. Labda pacha.

#21 Nuru_wa_Goba
#20 asante kwa "mbaya usoni". Nalia tena.

#22 Mwana_Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Mwenzangu, huku kwetu unapewa kitabu cha mama na mtoto, na mambo mengi ya darasa yamo humo, kwa michoro. Shida hakuna anayekisoma, tunakitoa siku ya kliniki tu, kimekunjwa kwenye mkoba na risiti za unga.

Mimi nilikuwa nasoma ukurasa mmoja kwa siku nikisubiri wali uive. Kufika mwezi wa nane nilikuwa najua dalili za hatari zote. Bure kabisa. Hebu geuza hiyo kadi yako uone nyuma kuna nini.

Na hilo la kigimbi: wallahi ni baridi ya feni. Funika miguu.

#23 Fundi_Viungo
Kigimbi si feni. Ni upungufu wa kalsiamu, mtoto anachukua yake kwanza. Dagaa wa kuliwa na mifupa, maziwa, mtindi.

#24 Mazoezi_Kwanza
Mimi niliambiwa magnesi. Ndizi na korosho.

#25 Mama_Shamsa
Mimi nilikuwa nakunywa maziwa nusu lita kila siku na kigimbi kilikaza vilevile. Kilichonisaidia ni kuacha kunyoosha vidole vya mguu chini nikijinyoosha kitandani. Ukivielekeza chini tu, kinakamata.

#26 Mjukuu_wa_Mkunga
Bibi alisema mtoto amekalia mshipa. Dawa yake ilikuwa kusimama kwenye sakafu ya baridi. Na ilikuwa inafanya kazi, sijui kwa nini.

#27 NesiMstaafu_Moro
Nimewasoma wote. Kalsiamu, magnesi, damu kuzunguka polepole, uzito, vyote vimetajwa vitabuni na hakuna kilichoshinda. Wapo wanaopewa kalsiamu wakapona, wapo wasiopona. Sakafu ya bibi inafanya kazi kwa sababu ukisimama umekanyaga kisawasawa msuli unanyooka. Wakati kimekaza, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, usisugue kwa hasira.

Ila mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, una joto, unauma hata mchana, hiyo si misuli kukaza. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Siku hiyo hiyo hospitali.

#28 Mwana_Kibokoni
Bado nasema feni.

#29 Mswahili_Hamburg
Niongezee la huku Ujerumani. Darasa la kujiandaa kujifungua bima inamlipia mama hadi saa 14. Baba akitaka kuja, kwa kawaida analipa kwanza. Wangu alilipa, akaja, akalala usingizi kwenye godoro lililotandikwa kwa ajili yangu.

Nilichokipenda zaidi si darasa. Baada ya kujifungua mkunga anakuja nyumbani, siku kumi za mwanzo anaweza kuja kila siku, anamkagua mtoto kitovu, anakukagua wewe. Mama yangu kule Tanga nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo wazungu wamepata somo."

Ila darasani nilikuwa mweusi peke yangu na kila mfano ulikuwa wa mtu asiye na mama karibu. "Panga nani atakupikia." Nikawaza, nyumbani ningepanga nani nimzuie kuja.

#30 Kamusi_ya_Mtaa
Hizo pumzi za "hii, hii, huu" wanazofundisha kwenye haya madarasa ni mambo ya Wamarekani. Tumeiga sinema.

#31 Mwalimu_wa_Historia
#30 si Wamarekani. Aliyezipa jina ni daktari Mfaransa, Fernand Lamaze. Alikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1951, akakuta wanawafundisha wajawazito kutawala uchungu kwa mafunzo na pumzi, akarudi nazo Paris. Marekani walizipokea baadaye. Kwa hiyo kama tumeiga, tumeiga wakomunisti.

#32 Kichwa_Ngumu
Nyerere angelipa hilo darasa.

#33 Baba_Kijacho_Kibaha
Naomba kuuliza kama mwanaume. Mke wangu alienda kliniki peke yake, akaambiwa arudi na mimi au alete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mimi naendesha lori, nilikuwa Tunduma. Akapoteza siku nzima kutafuta barua ya kuthibitisha kuwa mume wake yuko kazini. Mwenyekiti naye akataka "ya karatasi". Hii ni sheria au ni utaratibu wa mtu?

#34 Mama_Shamsa
Kwetu ukija na mume unahudumiwa wa kwanza. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke aliyekuja na mume kila mwezi, mpaka nikajua si mume, ni bodaboda wake.

#35 NesiMstaafu_Moro
#34 tuliwajua wote hao. 

#33 wazo lilikuwa jema: baba apimwe naye, asikie dalili za hatari, ajue kuandaa usafiri. Mahali pengi likageuka kuwa mlango wa kumfungia mama. Mwanamke hatakiwi kukosa huduma kwa sababu mwanaume hayupo, na hata kazini tulikuwa tunagombana juu ya hilo. Wenzangu walisema bila kubana, wanaume hawatakuja. Mimi nikasema anayebanwa ni mama. Hatukuelewana mpaka nastaafu.

#36 Baba_Kijacho_Kibaha
Nilipoenda nilikaa benchi na wanawake thelathini. Nesi akaniuliza mbele ya wote, "Baba, taja dalili tatu za hatari." Nikasema njaa. Walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

#37 Wifi_wa_Mbezi
Niingilie kwa jambo zito kidogo. Dada yangu, mimba ya wiki 31, aliumwa kichwa siku mbili. Akameza Panado. Siku ya tatu akasema taa ya jikoni ina duara, kama inaangaza kwenye ukungu. Pete ya ndoa haivuki kidole. Mama akasema ni joto na chumvi ya samaki.

Aliyetuokoa ni mfanyakazi wa ndani, binti wa miaka 20. Alikuwa amemsindikiza bosi wake wa zamani kliniki, akakaa naye benchini, akasikia wakisema kichwa, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya kifua. Alisimama mlangoni na taulo begani akasema, "Dada, hii walisema ni kifafa cha mimba, tusilale leo."

Presha ilikuwa 170 kwa 110. Alijifungua kwa upasuaji wiki hiyo hiyo, mtoto kilo moja na robo, sasa yuko darasa la pili. Yeye dada alikuwa amehudhuria darasa la kulipia, la mtandaoni, ila alikuwa amefikia somo la kuchagua rangi ya chumba.

#38 Nuru_wa_Goba
#37 nimesoma mara mbili. Mshukuru sana huyo binti.

#39 Wifi_wa_Mbezi
Ndiye aliyempa mtoto jina la pili.

#40 NesiMstaafu_Moro
Kuanzia wiki ya 20 ndipo tunapoanza kuiogopa presha hiyo. 140 kwa 90 tayari tunakukalisha chini. Ndiyo maana nilimuuliza mleta mada namba zake kabla ya kumjibu la darasa.

#41 Mpita_Njia_88
Kuhusu dada wa wasap wa 30,000. Nilikuwa kwenye kundi la namna hiyo, sitataja la nani. Akatuma sauti kwamba tuache vidonge vyekundu mwezi wa saba kwa sababu vinamnenepesha mtoto ukashindwa kumtoa. Wanawake 200 tunasikiliza. Mmoja akauliza cheti chake cha ukunga, akaondolewa kundini dakika hiyo.

#42 MamaPacha_Tabata
Hayo maneno ya vidonge kunenepesha mtoto yapo hata sokoni. Nilimkuta mama mmoja anawapa kuku.

#43 NesiMstaafu_Moro
Vidonge vya damu havimnenepeshi mtoto. Vinakuokoa wewe siku ukimwaga damu leba. Na kuku hawavihitaji, naongea kama mfugaji.

#44 Mpita_Njia_88
Nikiwa hapohapo, niungame. Nakula pemba. Ule udongo wa sokoni, vipande vya mia mia. Harufu ya mvua ya kwanza ikinipata nakuwa kama mwizi.

#45 Dogo_Sinza
Ndiyo maana ukuta wa jirani yangu una shimo.

#46 Fundi_Viungo
#44 ni dalili ya upungufu wa damu. Pima.

#47 Mjukuu_wa_Mkunga
Au ni mazoea tu. Mke wangu damu yake 12.5 na anatafuna kama biskuti. Mama yake alitafuna, dada zake wanatafuna. Bibi alisema unatuliza tumbo.

#48 NesiMstaafu_Moro
Mwili ukikosa chuma watu wengi hutamani udongo, na udongo wenyewe unazuia chuma kuingia, ndipo mduara unapoanzia. Mwingine una minyoo, mwingine una risasi, namaanisha ile madini. Dawa ya minyoo kliniki wanatoa ukishavuka miezi mitatu ya kwanza. Kuacha ni kugumu, sikudanganyi. Niliwahi kuwa na wauguzi wenzangu wawili wanaoficha pemba kwenye mfuko wa sare.

#49 HR_Mchovu
Mleta mada, ukiwa unapanga haya kumbuka na kazini. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, siku 90, andika barua mapema.

#50 MamaPacha_Tabata
Siku 84, mkuu. Mapacha siku 100, nilizihesabu moja moja. Na baba siku tatu, ndani ya wiki ya kwanza.

#51 HR_Mchovu
Sawa, 84. Nilikuwa nakisia.

#52 Ngoja_Waje
HR anakisia likizo ya uzazi. Karanga zimeisha, naongeza.

#53 Mwana_Kibokoni
Huku Kenya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Siku tatu baba anafanya nini? Kuosha beseni?

#54 Baba_Kijacho_Kibaha
Siku tatu unatoka Tunduma, unafika, unambeba mtoto, unapigwa picha, unarudi Tunduma.

#55 Mdau_wa_Zamani
Jamani mmesahau, kulikuwa na zile jumbe za simu za Wazazi Nipendeni, zilianza 2012. Ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, kila wiki walikuwa wanakutumia ujumbe kulingana na umri wa mimba. Mimi kama baba nilijiandikisha 2014. Ujumbe ulikuwa unakuja nikiwa kijiweni nasoma kwa sauti, wenzangu wote wa bodaboda wakawa wanajua mke wangu yuko wiki ya ngapi.

#56 Kichwa_Ngumu
Hilo nalikubali. Darasa la bure lisilo na godoro.

#57 Mazoezi_Kwanza
Nimtetee mwenye darasa la 250,000 kidogo, kwa sababu mnamchinja. Mimi nilihudhuria moja mkoani, bei ndogo kuliko hiyo. Walitutembeza leba kabla. Nilijua mlango uko wapi, nilijua choo kiko wapi, nilijua yule nesi mkali anaitwa nani na anapenda nini. Uchungu ulipokuja usiku wa manane sikuwa nimepotea. Hilo peke yake lilikuwa na thamani yake. Na mume alijifunza kunisugua kiuno kwa kiganja, si kunipapasa kama paka.

Mnaosema benchi linatosha, benchi la nani? La Nuru lina dakika ishirini na kelele za chanjo.

#58 Mama_Shamsa
#57 una hoja. Ila hata benchi ukiuliza unajibiwa. Tatizo tunakaa kimya tunasubiri namba iitwe.

#59 Mswahili_Hamburg
Au tunaogopa kufokewa. Tuseme ukweli. Mara ya mwisho niliyouliza swali kliniki nyumbani niliambiwa, "Wewe si umesoma, huoni kwenye kadi?"

#60 NesiMstaafu_Moro
Siwezi kulikataa hilo. Mmoja wetu akiwa na wajawazito sitini na mizani moja, anafoka. Haimpi haki.

#61 Nuru_wa_Goba
Wiki mbili zimepita, nimerudi na mrejesho.

Nilifanya altrasaundi. Kondo limekaa mbele, nesi alipatia. Mtoto mzima, jinsia nimekataa kuambiwa, Mtabiri aendelee na kazi yake. Damu 11.1, chai nimehamishia saa kumi.

Jumanne nilifika kliniki saa moja na robo. Zamu ilikuwa ya nesi mwingine, mfupi, anaongea taratibu. Alitoa kwenye mfuko wa rambo sweta la shule la kijani, shingo ya duara, na mdoli asiye na mkono mmoja. Akamwingiza mdoli ndani ya sweta, kichwa chini, akashika mikono ya sweta akawa anasukuma polepole. Shingo ikaanza kufunguka. "Sentimita mbili. Hapa mnakuja mnalia, tunawarudisha." Akasukuma. "Nne." Kila mtu kimya, hata watoto wa chanjo nahisi walinyamaza. "Kumi," kichwa kikatoka, sweta limekaza kwenye mashavu ya mdoli, na mama mmoja nyuma akasema "pole" kwa sauti kabisa.

Nilielewa kitu ambacho sauti za saa nne usiku zisingenieleza.

Mume alikuja, aliomba ruhusa ya nusu siku. Akauliza sweta likigoma kufunguka inakuwaje. Nesi akakaa chini akaeleza upasuaji, dakika kumi, kwa uzuri tu. Kwa hiyo #3, swali lako limejibiwa bure.

La kulipia bado sijaamua. Nimeuliza kama wanatembeza watu leba, wamesema watanipigia. Somo wa Pangani anakuja mwezi wa nane wa mimba, nimeshanunua kanga doti mbili.

Kigimbi bado kinakaza. Nimejaribu dagaa, ndizi, sakafu na kuzima feni.

Na mtoto amecheza! Nilikuwa nimeweka simu juu ya tumbo, ikatetemeka, akapiga teke kujibu. Nikapigiwa tena, akapiga tena.

#62 Binti_Pangani
Hongera mwanangu. Ongeza sukari kilo tano.

#63 Mwana_Kibokoni
Feni uliizima usiku kucha au ulikuwa unaizima na kuiwasha?

#64 Mtabiri_Mwandamizi
Teke la kulia au la kushoto? Hili ni muhimu.

#65 MamaPacha_Tabata
Huyo nesi wa sweta yuko zamu siku gani, wifi yangu ana wiki 16.

#66 Nuru_wa_Goba
#65 Jumanne na Alhamisi. #64 chini ya kitovu, katikati. #63 usiku kucha, na nililala na jasho.

#67 Dogo_Sinza
Na yule muuza maandazi?

#68 Nuru_wa_Goba
Ananiwekea manne pembeni kila asubuhi. Hataki tena kesi na mimi.